Kidole, Saa na Ujira

Masomo: Mathayo 20:1–16; Wakolosai 3:22 hadi 4:1; Yakobo 5:1–6



Wengi wenu mmeiona ile mashine ndogo nyeusi iliyopigiliwa ukutani penye mlango wa zahanati ya mtaa wetu. Wauguzi, walimu wa chekechea, karani wa ofisi na mlinzi, wote huweka kidole juu ya kioo chake waingiapo na watokapo, nayo hulia mlio mmoja na kuandika saa. Imekuwapo tangu Januari. Baadhi yenu mlituuliza kwa nini Kanisa limeanza kuwapima watu vidole kama polisi. Wengine mlitusifu, mkisema ya kuwa wavivu sasa wamepatikana. Tuliahidi kujibu katika kurasa hizi. Jibu limechelewa, na sababu ya kuchelewa kwake ndiyo habari yenyewe.

Kabla ya mashine tulikuwa na kitabu cha mahudhurio, daftari kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ndani ya kitabu kile hakuna mtu aliyepata kuchelewa. Kila jina liliandikiwa saa moja na nusu asubuhi, hata siku ile ya masika maji yalipofunika daraja na asifike mtu kabla ya saa nne. Safari moja tuliona majina matatu kwa mwandiko mmoja. Huku nyuma wagonjwa walikaa barazani wakingoja, na mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa alituambia usoni ya kuwa Kanisa lafungua milango yake likipenda. Neno lile lilituuma. Ndipo Halmashauri ya Mtaa ikakubali kununua mashine.

Kwa wale wasioijua kazi yake, tuseme kidogo. Mashine hutazama mistari iliyo katika ncha ya kidole, ikatafuta mahali mstari unapokoma na mahali unapogawanyika, ikageuza alama hizo kuwa tarakimu na kuzihifadhi. Kesho yake ukiweka kidole hulinganisha. Mzee mmoja wa kanisa alipofahamishwa hayo alitukumbusha kitabu cha Ayubu, sura ya 37, mstari wa 7, panaposemwa habari ya Mungu kuutia muhuri mkono wa kila mtu. Hatudhani Elihu alikuwa akisema juu ya zahanati, lakini mzee alifurahi sana, nasi hatukumkatalia.

Baada ya miezi mitatu katibu alichapa hesabu yote, karatasi nyingi, na Halmashauri ikaketi kuwatafuta wachelewaji. Tukawapata wawili. Mmoja alikuwa na sababu, na mwingine hakuwa nayo, ameonywa na amekubali. Kazi hiyo ilichukua robo saa. Halafu mmoja wetu, aliyekuwa akifuata mistari kwa kidole chake, akauliza: “Huyu aliyeingia 18:00 akatoka 06:00 ni nani?”

Tulijibu kwa wepesi: ni mlinzi. Naam, mlinzi. Aingia saa kumi na mbili jioni, atoka saa kumi na mbili asubuhi. Usiku sita kwa juma, ila usiku wa Jumapili vijana wa mtaa humpokea lindo. Mashine ilikuwa imejumlisha yenyewe chini ya karatasi, bila kuulizwa na mtu: saa 72 kwa juma moja. Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja wetu alijua ya kuwa mlinzi hukesha, maana twamkuta langoni tukija kwenye Misa ya asubuhi, twamwamkia, naye hutufungulia. Tulijua, wala hatukuwa tumehesabu.

Sasa sikilizeni sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yasema ya kuwa saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa, wala zisipite 50 katika majuma manne. Kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, yapaswa kuongezewa asilimia 5. Toeni wenyewe: 72 ukiondoa 45 zabaki 27. Zidisha kwa majuma manne, wapata 108. Sheria haikubali zaidi ya 50, hata kama tungalizilipa zote. Nasi hatukulipa hata moja. Tulimpa mshahara wake wa mwezi, na kilo chache za unga wakati wa Krismasi, tukaona tu watu wema.

Tuliinunua mashine ili iwakamate watumishi, ikatukamata sisi.

Hapo ndipo tulipoyarudia maneno ya Bwana wetu juu ya wakulima wa shamba la mizabibu. Sisi tusemao Kiswahili tumepewa neema moja katika mfano huu ambayo ndugu zetu wa Ulaya hawana. Wao huhitaji kuelezwa saa ya tatu ni ipi na saa ya kumi na moja ni ipi, kwa maana saa zao zaanzia usiku wa manane, kama zianziavyo za mashine yetu. Sisi twahesabu tangu mapambazuko, kama walivyohesabu Wayahudi. Tukisikia ya kuwa mwenye shamba alitoka saa kumi na moja, twaona mara moja jua limeshuka juu ya minazi, kuku wanarudi, na watu bado wamesimama sokoni mikono mitupu kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Twajua pia uchovu wa yule aliyeanza alfajiri.

Mfano huu umetumiwa vibaya mara nyingi, na tuungame ya kuwa wenye mali waupenda kwa ajili ya neno moja tu: kwamba mwenye shamba alijitetea kuwa ana ruhusa kufanya apendavyo na mali yake. Tumewasikia waajiri Wakristo wakilitumia neno hilo kumnyamazisha kibarua. Lakini tazameni alifanya nini na ruhusa yake. Aliitumia kuongeza. Hakuna hata mmoja aliyepewa pungufu ya mapatano. Wale wa alfajiri walipatana dinari, yaani posho ya kutwa, wakapata dinari. Wale wa saa kumi na moja walipewa posho ya kutwa vilevile, kwa sababu tumbo la mtoto wa kibarua halijui baba yake aliajiriwa saa ngapi. Tena alilipa jioni ileile, kama ilivyoagizwa katika Walawi 19:13, ujira usilale kwa mwajiri mpaka asubuhi. Basi mwajiri atakaye kuwa huru kama mwenye shamba huyu, na awe huru kuzidisha. Uhuru wa kupunguza haumo katika mfano.

Kuhesabu saa si jambo jipya. Mwaka 1888 huko Auburn, Marekani, sonara mmoja jina lake Willard Bundy alibuni saa ya kuandika mahudhurio, kila mfanyakazi akiwa na ufunguo wake wenye namba. Na kampuni iliyozitengeneza iliunganishwa baadaye na nyingine, ikawa sehemu ya ile iliyoitwa IBM tangu 1924. Lakini sisi wa huku Tanga hatuhitaji kwenda Marekani. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wakumbuka kipande. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi za siku 30. Akiisha kutimiza kazi aliyopangiwa, matita yake ya majani ya mkonge yakahesabiwa, karani aliitia kadi alama moja. Asiyetimiza hakupata alama, hata kama alikuwa amekata tangu alfajiri mpaka mikono ikatoka damu kwa miiba. Mshahara haukutoka mpaka alama 30 zitimie, na siku 30 za kipande mara nyingi zilikula majuma sita ya kalenda au zaidi. Ukiugua katikati, hiyo ilikuwa shauri yako.

Dhuluma zilizopitia katika kipande ni nyingi, wala hatukisifu. Ila mzee mmoja alituambia jambo ambalo tumelifikiri tangu siku ile. Alisema, kipande kile alikishika mwenyewe. Alikifunga katika pindo la shuka, na jioni alikitoa akahesabu alama zake mbele ya mkewe. Akauliza: “Na hiyo hesabu ya mashine yenu, mlinzi amewahi kuiona?” Hapana, hakuwahi. Ilikaa ndani ya kompyuta ya katibu. Mtu aliacha alama ya kidole chake mara mbili kila siku kwa miezi mitatu, wala hakujua imeandika nini juu yake. Tumepata mashine bora kuliko kipande, nayo twaitumia kwa siri kuliko karani wa mkonge.

Twapenda kusoma Wakolosai sura ya 3, hasa mstari wa 22, panapoagizwa watumwa wasitumike kwa utumwa wa macho kama watu wa kujipendekeza, bali kwa moyo mmoja wakimcha Bwana. Somo hilo tumelihubiri katika sherehe za wafanyakazi, na tumewapa watumishi wetu wapya. Sura ya 3 huishia mstari wa 25, na msomaji hufunga kitabu. Lakini Paulo hakuandika sura. Mpaka ule uliwekwa na watu baadaye sana, na katika barua yake neno linalofuata mara hiyohiyo, ambalo sisi twaliita 4:1, linawageukia mabwana, wawape watumwa yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao pia wana Bwana mbinguni. Ni miaka mingapi tumesoma upande mmoja tu wa barua?

Twajua wako watakaosema sasa tumeigeuka mashine na kuwatetea wavivu. La. Mwaka 1 kabla ya mwingine watu wa nchi hii wameumizwa na hesabu za uongo. Mnakumbuka mwaka 2016 serikali ilipowaondoa watumishi hewa kwa maelfu katika orodha ya mishahara, majina yaliyolipwa kila mwezi bila mtu nyuma yake. Dawa za hospitali na madawati ya shule vilikuwa vikiliwa na majina matupu. Kumsainia mwenzako asiyekuja ni wizi, hata ukiuita usamaria. Na yule awekaye kidole saa moja na nusu kisha akaenda kwenye genge lake mpaka saa tano, amewaibia wale wa barazani, kwa maana mashine yajua amefika tu. Kama anafanya kazi, haijui. Tuliona hayo pia katika karatasi zetu, nasi tumesema na mhusika faraghani.

Wala tusijifanye wasafi sisi tuvaao kanzu. Kila Misa iishapo huandikwa katika rejista ya ibada idadi ya waliohudhuria, waliokomunika, na sadaka. Nani hajapata kuona mvua ikinyesha, watu 60 kanisani, na kalamu ikaandika 80? Tumefanya hivyo. Msimamizi yule wa Luka 16 alibadili hati za watu, mafuta vipimo 100 yakawa 50; sisi twabadili kwa kuongeza, ili Askofu apendezwe.

Iko hatari nyingine katika mashine, nayo ni kubwa kuliko ya kitabu. Kitabu kila mtu alijua ya kuwa husema uongo. Mashine watu hudhani haiwezi. Huko Uingereza shirika la posta lilitumia mfumo wa kompyuta uitwao Horizon kuhesabu fedha za vituo vyake. Kati ya mwaka 1999 na 2015 waendeshaji wa vituo vidogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, kwa sababu kompyuta ilionyesha fedha zimepungua. Walilia kwamba hawakuiba, wasisadikiwe. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya jina lao kusafishwa. Kasoro ilikuwa katika mfumo wenyewe. Bunge la huko lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo Mei 2024. Na jambo linalotugusa sisi Waanglikana ni kwamba aliyeliongoza shirika hilo kuanzia 2012 hadi 2019 alikuwa amewekewa mikono kuwa padre wa Kanisa la Uingereza. Hatulitaji hilo ili kumrushia jiwe. Twalitaja kwa sababu twajua jinsi ilivyo rahisi kuketi mezani, Biblia upande mmoja na karatasi ya kompyuta upande wa pili, ukaisadiki karatasi kuliko machozi ya mtu.

Nasi tumekwisha kufanya hivyohivyo, kwa udogo wetu. Mama asafishaye zahanati aliandikwa hakuja siku 11 katika mwezi wa Februari. Tulimkata mshahara wa siku 11. Hakulalamika. Machi alikatwa tena, na ndipo muuguzi mmoja alipokuja ofisini kwa hasira akauliza ni nani basi aliyekuwa akisugua sakafu za wodi. Tukamwita mama yule, akaweka kidole mbele yetu. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vidole vyake vimelika kwa maji na dawa ya kuua vijidudu, mistari imefutika, kama ilivyo kwa waponda kokoto na mafundi wa saruji. Miaka ya kututumikia ndiyo iliyomfanya asijulikane mlangoni petu. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu: “Baba, nilidhani mashine ya Kanisa haikosei.”

Fedha zake amerudishiwa zote, na sasa huingiza namba badala ya kidole. Kumbe mashine ilikuwa na njia hiyo tangu siku ya kwanza. Hatukusoma kijitabu chake.

Alama za vidole nazo ni mali ya mtu, wala si za mwajiri kufanyia apendavyo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka mwenye kukusanya habari za watu awaambie azikusanya kwa sababu gani, na azilinde. Uingereza, Februari 2024, mamlaka inayosimamia mambo hayo iliamuru kampuni moja ya vituo vya michezo iache kutumia nyuso na vidole kuwahesabia wafanyakazi wake zaidi ya 2,000 saa zao, kwa kuwa zilikuwapo njia nyepesi zaidi wala wao hawakupewa nafasi ya kukataa. Sisi tuliwapanga watumishi mstari na kuwachukua vidole siku moja kabla ya chai. Hakuna aliyeulizwa. Turuhusuni tuseme wazi kwamba tulikosa, na ya kuwa mtumishi atakaye kutumia namba tu, kama yule mama, ataruhusiwa bila kuulizwa sababu, na vidole vyake vitafutwa.

Turudi kwa mlinzi. Yakobo asema katika sura yake ya 5 ya kuwa ujira uliozuiliwa wenyewe wapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mlinzi wetu hakulia. Ni karatasi iliyolia kwa niaba yake. Tulipotuma aitwe mbele ya Halmashauri alikuja akiwa amevaa shati lake la Jumapili, na mkononi ameshika funguo zote: za kanisa, za zahanati, za stoo. Akaziweka mezani kabla hatujasema neno. Alikuwa amesikia ya kuwa mashine imewakamata watu, akadhani amefukuzwa.

Tulimrudishia funguo. Ilitupasa pia kumweleza kwa nini ameitwa, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kufukuza mtu.

Basi haya ndiyo yaliyo mbele ya mtaa. Kwanza, lazima aajiriwe mlinzi wa pili, ili kila mmoja asipite saa 45. Wakati wa kumtafuta, vijana wamekubali kushika usiku mbili zaidi kwa juma. Pili, malimbikizo ya saa za ziada. Katibu anayahesabu tangu mlinzi alipoajiriwa, si tangu mashine ilipowekwa, kwa maana saa zilikuwapo hata kabla hazijaandikwa. Si fedha kidogo. Zile zilizokusanywa kwa ajili ya vipaza sauti vipya zingetosha karibu nusu. Tunajua akina mama walizitafuta kwa maandazi na kwa jasho, na wanayo haki ya kusema hapana. Ila tunawaomba wafikiri ni nini kitakachosikika katika vipaza sauti hivyo, na mlangoni amesimama mtu tunayemdai usingizi wake. Baadhi ya wazee wa kanisa hawakubaliani nasi. Wasema Kanisa si kampuni, na mlinzi hakuomba. Watasikilizwa pia.

Mkutano wa mtaa utafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mara baada ya Misa ya pili. Watumishi wote wamealikwa, na watakuwa na sauti. Tangu juma hili kila mmoja wao hupewa karatasi yake ya saa mwisho wa mwezi, aende nayo nyumbani aisome mbele ya watu wake kabla haijafika kwa mweka hazina. Karatasi ya Padre imo pamoja na nyingine. Nayo itabandikwa ubaoni karibu na kisima cha ubatizo, kwa atakaye kuitazama.